Baisikeli Yetu Mpya, na Neno "Njoo Kesho"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama)



Tumeombwa na Halmashauri ya Chama tuseme nanyi maneno machache jioni hii, nasi tukaachiwa tuchague wenyewe jambo la kusema. Waliotutangulia mahali hapa wamesema habari za akiba, za elimu ya watoto, na za afya. Sisi tumechagua habari ya baisikeli. Twaona wengine wenu wanatabasamu, wala si ajabu, kwa kuwa baisikeli ni chombo kidogo na hotuba ni jambo kubwa. Walakini twawaomba mtuvumilie hata mwisho, maana habari hii ilianza dukani, ikapita katika mabanda ya kuku ya watu wasio na kitu, na mwisho ikaja kukaa juu ya meza zetu wenyewe ofisini.

Sisi tunaosema nanyi tu watumishi watatu wa kata moja katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora: mmoja ni afisa wa mifugo, wa pili ni bibi, naye ni afisa wa kilimo, na wa tatu ni mtendaji wa kijiji. Mmoja wetu ndiye anayesoma maneno haya, lakini ni maneno ya sote watatu. Nchi yetu ni tambarare, kama mjuavyo, na vijiji vyake viko mbali mbali. Njia zake ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Pikipiki ya kazi tuliyo nayo, siku ikiwa nzima haina mafuta, na siku yakipatikana mafuta ni mbovu. Basi tukashauriana tuchange, kila mtu shilingi 90,000, tununue baisikeli moja mpya ya kutumia kwa zamu. Kuchanga kulituchukua miezi minne, maana mshahara wa mtumishi una wenyewe kabla haujafika.

Zilipotimia shilingi 270,000 tulikwenda mjini Tabora siku ya Jumamosi, sote watatu, tumevaa vizuri kama watu waendao arusini. Duka hatutalitaja, wala mwenyewe hatutamtaja. Si kwa hofu, bali kwa sababu hatukuja hapa kumshitaki mtu asiyekuwapo kujitetea. Alitupokea kwa heshima kubwa. "Karibuni, wakubwa! Watumishi wa Serikali ndio wateja wangu." Tukaletewa viti, tukaletewa na soda. Kisha akaitoa baisikeli: nyeusi, yenye mistari ya rangi ya dhahabu, keria pana nyuma, na kengele ambayo mlio wake ulimfanya mtoto aliyekuwa akipita barabarani asimame. "Hii," akasema, "mtawarithisha wajukuu."

Ndugu zetu, twaomba mtazame sana yale tuliyoyafanya, na zaidi yale tusiyoyafanya. Tuliigonga kengele. Tulikishika kiti. Tulizitazama rangi. Lakini hapana hata mmoja wetu aliyeinua gurudumu la nyuma akalizungusha, aone kama linakwenda sawasawa au linayumba. Hapana aliyeutikisa mkono wa pedeli. Hapana aliyeuliza ni nani aliyeiunga baisikeli ile, na lini. Tulipouliza habari ya dhamana, alijipiga kifua akasema, "Dhamana ni mimi. Ikiwa na neno lo lote nileteeni, nitaitengeneza bure." Tukapeana mikono. Stakabadhi aliyotupa ilikuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono, "Baisikeli 1," bila ya tarehe, bila ya namba ya fremu, bila ya mhuri. Alisema mashine ya risiti haina mtandao siku hiyo. Sisi, ambao kila siku twawarudisha watu nyumbani kwa sababu barua zao hazina mhuri, tuliikunja karatasi ile, tukaitia mfukoni, tukashukuru.

Baadaye ikafika Jumatano, nayo ilikuwa siku ya kuchanja kuku katika kijiji kilicho kilomita 14 kutoka kituoni kwetu. Kwa wale wasiojua kazi hii, twaeleza kidogo. Kuna ugonjwa wa kuku uitwao mdondo, wengine huuita kideri. Hauna dawa ya kuuponya. Ukiingia katika kijiji huweza kumaliza kuku karibu wote kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo, tone moja katika jicho la kila kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kazi hii hufanywa alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, maana kuku akishatoka bandani kumkamata ni mchezo wa watoto wala si kazi ya watu wazima. Tena kuku aliyekwisha kuambukizwa hata ukimchanja umechelewa.

Basi afisa wetu wa mifugo aliondoka saa kumi na moja alfajiri, chanjo imefungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu ili isipate joto. Alipofika kilomita ya sita, mkono wa pedeli wa kushoto ulianza kulia, ka, ka, ka, kisha ukawa unazunguka peke yake kama usio na mwenyewe. Akashuka kutazama. Pini inayoubana mkono ule kwenye mhimili wa katikati ilikuwa imelika upande mmoja. Akaangalia na gurudumu la nyuma, akaona spoku tatu zimekatika na ringi imepinda, hata tairi ikawa inasugua fremu. Akaisukuma katika mchanga kilomita 8 zilizobaki, akafika saa nne asubuhi. Watu walikuwa wamengoja hata jua likapanda, wakakata tamaa, wakafungua mabanda. Alichanja kuku wachache, akawaambia wengine, "Nitakuja Jumatano ijayo, In-shaa-Allah."

Sasa ikaanza safari ya kwenda na kurudi dukani. Mara ya kwanza tuliipakia baisikeli juu ya gari, tukalipa nauli yetu na yake, tukaambiwa, "Fundi hayupo, njooni kesho." Mara ya pili tukaambiwa, "Iacheni hapo, njooni Jumatatu." Mara ya tatu tuliikuta pale pale tulipoiacha, imeegemea ukuta, ina vumbi, na kengele yake haipo. Mwenye duka akasema, "Mmeibebesha mizigo," kisha akatuonyesha ubao ukutani ulioandikwa, Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mara ya nne hakuyainua macho yake kutoka katika simu. "Nyie tena?" Tukamwonyesha karatasi yake. Akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii haina hata tarehe. Nitajuaje kama imetoka hapa kwangu?" Mtu yule yule aliyetuita wakubwa! Viti vilikuwapo, lakini hapana aliyetuambia tuketi.

Twakiri mbele yenu kwamba tulirudi siku ile na hasira nyingi. Tuliazimia kuiandika habari yake tuitangaze pote. Na lau mambo yangaliishia hapo, hotuba hii ingalikuwa ya kumlaumu muuzaji tu, nanyi mngalitupigia makofi, kisha kila mtu angalikwenda zake bila ya kujifunza neno. Lakini hayakuishia hapo.

Ile Jumatano tuliyoahidi ilipita, hatukwenda. Jumatano ya pili pia ikapita. Katika juma la tatu mdondo uliingia kijijini. Yuko bibi mmoja mzee, mjane, ambaye alikuwa na kuku 17. Kwa kuku wale alikuwa akimnunulia mjukuu wake sare na madaftari ya shule. Walibaki wawili. Tulipokwenda kumpa pole tulianza kumweleza habari za baisikeli na za yule mwenye duka, jinsi alivyotuzungusha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, poleni sana. Nami nilikuja ofisini kwenu Ijumaa moja, niulize siku ya chanjo. Nikaambiwa, 'Bibi, njoo kesho.' Nilipokuja kesho yake nikakuta mlango umefungwa."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu asemavyo kwamba jana mvua ilinyesha. Tulihesabu siku njiani wakati wa kurudi, tukaona kwamba Jumamosi ile, mlango wetu ulipokuwa umefungwa, sisi tulikuwa Tabora mbele ya meza ya muuzaji, tunalalamika kwa sababu ametuambia njooni kesho. Wazee walisema, nyani haoni kundule. Siku ile sisi tuliliona, nalo halikupendeza.

Ndugu zetu, twaweza kusema kwamba kosa lilikuwa la baisikeli. Tulijaribu kusema hivyo, lakini haikutosha. Baisikeli mbovu ni sababu ya kuchelewa siku moja. Si sababu ya kukaa majuma matatu. Baisikeli ya kuazima ilikuwako, na miguu tulikuwa nayo. Kilomita 14 wanafunzi wetu wengine huenda wakarudi karibu mwendo kama huo. Tungaliweza angalau kumpigia simu mwenyekiti wa kijiji tumwambie kuwa hatuji. Kilichotuzuia kilikuwa kile kile kilichomzuia muuzaji: tulikwisha pata chetu. Yeye alikuwa na fedha yetu mfukoni, na sisi tulikuwa na mshahara wetu. Aliyebaki kungoja ndiye aliyekuwa na haja, na mwenye haja hurudi kesho hata akichoka.

Sasa twaomba tuwaambie mambo mawili yenye faida, moja la kununua na moja la kutumikia.

Kwanza, habari ya kununua. Tuliipeleka baisikeli kwa fundi mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe. Aliifungua yote, akatufundisha mengi bila ya ada. Alisema chuma chenyewe hakikuwa kibaya. Baisikeli nyingi huletwa zikiwa vipande ndani ya maboksi, huungwa hapa hapa, na anayeziunga mara nyingi hulipwa kwa hesabu ya baisikeli alizomaliza, kwa hiyo hufanya haraka. Pini ya pedeli haikupigwa ikakaa, na nati yake haikukazwa, spoku zililegea, na katika gololi za gurudumu grisi ilikuwa ya kulambishwa tu. Akatuambia tena kwamba hata baisikeli iliyoungwa vizuri yapasa irudishwe kwa fundi baada ya majuma machache ya kwanza, kwa kuwa spoku mpya hukaa na kulegea, zikahitaji kukazwa upya. Hayo yote aliyatengeneza kwa nusu siku, kwa shilingi 12,000. Basi fahamuni ya kuwa alichotunyima muuzaji hakikuwa mali nyingi, bali ni nusu siku ya fundi.

Wala asiwadanganye mtu kwa kusema kwamba baisikeli ndivyo zilivyo. Chombo hiki si kigeni duniani. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Na tairi la upepo John Boyd Dunlop alilipatia hati yake mwaka 1888. Tangu siku hizo umbo lake halikugeuka sana. Jambo linalojulikana muda wa miaka zaidi ya 130 halina udhuru wa kufanywa vibaya.

Kwa hiyo anayetaka kununua na aende na fundi wake, au aende na mikono yake. Ainue magurudumu yote mawili, ayazungushe, atazame kama ringi inapita katikati bila kuyumba. Ashike mkono wa pedeli autikise, ukicheza, asilipe. Aziguse spoku moja moja; iliyolegea hujitambulisha kwa mlio wake. Afunge breki, ajaribu kuisukuma. Kisha adai risiti ya mashine, maana muuzaji amelazimishwa na sheria kuitoa na mnunuzi amelazimishwa kuidai. Na namba ya fremu aiandike na kuiweka pamoja nayo. Dhamana ya mdomo na iandikwe: ni ya siku ngapi, na ni ya kitu gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii haikutungwa kwa ajili ya wafanya biashara peke yao.

Iko pia sheria. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo husema kwamba mtu anunuapo kitu kwa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo, kitu hicho yapasa kiwe cha hali ya kufaa kuuzwa. Lakini yasema pia ya kwamba mnunuzi akikikagua kitu, hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ungaliionyesha. Maana yake, jicho la mnunuzi lina wajibu wake, nalo hutazama kabla ya mkono kutoa fedha. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, ambayo katika kazi zake imo ya kumlinda mlaji. Haya tuliyasoma tumekwisha umia. Ninyi yasomeni mkiwa wazima.

Huenda mwataka kujua mwisho wa yule bwana. Tulimwendea mara ya tano, sote watatu, bila ya makelele, tukiwa na barua: siku tuliyonunua, siku tulizorudi, maneno aliyotujibu kila siku, na karatasi ya fundi yenye kasoro zote na gharama yake. Chini tuliandika kwamba nakala itakwenda kwenye Tume. Aliisoma mara mbili. Akatoa kengele mpya, akatoa na shilingi 6,000. Za pili, akasema, tuzifuate kesho. Hatukwenda.

Pili, habari ya kutumikia. Tangu siku ile liko daftari moja juu ya meza ya kituo chetu. Kila ajaye na haja ambayo haikumalizika huandikwa humo: jina lake, haja yake, siku aliyoambiwa arudi, na sababu. Ye yote kati yetu akisema "njoo kesho," hulazimika kuiandika kesho hiyo na kutia sahihi yake. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Baadaye tuliona ajabu: haja nyingi zilimalizika siku ile ile, kwa kuwa kuzimaliza kulikuwa kwepesi kuliko kuandika sababu ya kutozimaliza. Na tukiahidi kwenda kijijini, tukizuiwa, simu hupigwa kabla ya magharibi ya siku ya kuamkia, ili watu wasifunge kuku wao bure. Ahadi ni deni. Nasi tulikuwa tukikopa kwa watu wetu bila ya kuandika.

Yule bibi tulimpelekea kuku watatu, kila mmoja wetu kuku mmoja. Hatuyasemi haya tusifiwe, maana kuku watatu si 15. Alipowapokea aliuliza jambo moja tu, "Na hawa, watachanjwa lini?" Tukamtajia siku, tukaiandika mbele yake. Siku ilipofika tulikuwa kwake kabla ya jua, kwa baisikeli ile ile.

Ndugu zetu, mwaka 1922 watumishi Waafrika waliunda chama chao mjini Tanga, na Martin Kayamba ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Walijua kwamba mtumishi peke yake ana sauti ndogo. Nasi tulijifunza hilo dukani: mmoja mmoja tuliambiwa njooni kesho, na tulipokwenda pamoja tukiwa na hati tulisikilizwa, ingawa nusu. Lakini wale wanaosimama mbele ya madirisha yetu hawana chama, hawana barua, wala hawana nauli ya kurudi mara tano. Wana sisi tu.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya mkutano huu, likikubaliwa: kwamba kila mwanachama aweke daftari kama hilo mezani pake kwa muda wa miezi mitatu, na katika mkutano utakaofuata alilete hapa, tusomeane. Sisi watatu tutalileta la kwetu kwanza, pamoja na kurasa zake zenye aibu.